Kuchunga Unga si Kuchekecha Unga

Mheshimiwa Diwani wetu wa hapa Biharwe, uliyekubali kusimama juani na mkasi mkononi, Ndugu Mwenyekiti Nkusi na wajumbe wa Bodi ya Ushirika wetu wa Kinu cha Rubondo, wachungaji wa makanisa, ambao jina la kazi yenu nitalihitaji baadaye, wakulima mliofika kutoka Juru na Rubondo, kule kwenye makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, wengine juu ya lori na wengine juu ya baiskeli, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Bwana asifiwe.

Nianze kwa kuomba radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Mwezi wa tatu Bodi iliniteua mimi, Ezira, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kuwa katibu wa kamati ya kutathmini kazi za kinu chetu, ili kila mfanyakazi alipwe kwa haki, nami nikaahidi kuwaeleza matokeo baada ya wiki tatu. Huu ni mwezi wa tisa. Mwezi wa saba mliona orodha imebandikwa ukutani bila neno la maelezo, na tangu hapo hamkunisikia tena, hata jirani yangu mmoja akamwuliza mke wangu, kwa upole sana, kama matanga yangekuwa nyumbani au kanisani. Miezi minne ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ya kazi. Wiki sita za mwisho nimenyamaza kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ndiyo hotuba yangu.

Mnauona mlango huu nyuma yangu? Ni mlango wa ghala letu jipya, ambalo tumekuja kulifungua. Utepe ulikatwa saa nne na nusu. Sasa ni saa sita kasoro, na mlango haujafunguka. Kwaya imeimba wimbo uleule mara nne, na ubeti wa mwisho mara saba. Mheshimiwa Diwani ameuliza, kwa haki kabisa: "Cheamani, hii stoo iko na mlango kweli, ama muliweka picha ya mlango?"

Mlango upo, Mheshimiwa. Ndani yake kuna sufuria tatu za matoke, mbuzi wawili waliochomwa, na kreti za soda. Funguo tunazo, tena kumi na nne. Mtu anayejua ni ufunguo upi wa kufuli lipi tunaye pia: ameketi pale safu ya tatu, amevaa kitenge cha kijani, na mapajani ameweka chekeche. Huyo ni Mama Mukarukundo. Mwenyekiti alimwendea akamwomba: "Mama, tafadhali, tufungulie." Naye akajibu bila kuinuka: "Ukurasa wa pili, Papa Nkusi." Ukurasa huo wa pili niliuandika mimi. Ndiyo maana Mwenyekiti ameniomba niseme nanyi, wakati fundi wetu Astère akiendelea kujaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine nyuma yangu.

Mshahara wa haki hupatikanaje? Kabla ya mwaka huu, katika kinu chetu ulipatikana kwa sauti: aliyelalamika zaidi alipata zaidi, na aliyefanya kazi kimya alipata baraka. Bodi ilipochoka kelele, ilimwita binti yetu Nathalie, aliyekulia Juru na kusomea mambo ya wafanyakazi hapa Mbarara, aje atufundishe namna ya kuzipima kazi. Alianza na njia iliyo rahisi: andikeni kila kazi kwenye kadi, kisha kila mmoja wenu azipange kadi kuanzia kazi kubwa hadi kazi ndogo. Tulizipanga. Wafanyakazi sita wakatoa orodha sita, na katika kila orodha kadi ya juu ilikuwa ya yule aliyepanga. Astère alisema bila yeye mashine ni chuma tu. Yonatani, anayetunza baiskeli za wateja pale mlangoni, akamjibu: "Na bila miye, bale bateja batakuja na miguu, balete kilo mbili mbili. Utasaga nini, weye? Mafuta yako?"

Basi Nathalie akatuhamisha kwenye njia ya alama. Kila kazi hupimwa kwa vipimo vinne: ujuzi inaoudai, wajibu inaoubeba, nguvu inayoitumia, na hali ya mahali inapofanyiwa. Kila kipimo kina alama moja hadi tano. Jumla ya alama huonyesha daraja, na daraja huonyesha mshahara. Akatupa na kanuni moja ya kushika: "Tunapima kazi, hatumpimi mtu."

Yonatani akainua mkono. "Dada Nathalie, miye nikienda kula, ile kazi inabaki inasimama pale mulangoni yenyewe?"

Nathalie akasema ndiyo, kwa namna fulani.

"Basi bayipatie kiti."

Kabla ya kutoa alama ilitupasa kuandika maelezo ya kila kazi. Nathalie alishauri tukae na kila mfanyakazi kutwa nzima, tumtazame akifanya kazi, ndipo tuandike. Nilimjibu kwamba haikuwa lazima. Nilimwambia kwamba nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja. Kwamba nilisomea ualimu Kigoma, kwa mkufunzi aliyemnyima uji mtu aliyekosea upatanisho wa ngeli. Na kwamba mtu akinitajia kitenzi kimoja tu, ninaijua kazi yake yote. Ninaomba muikumbuke sentensi hiyo. Nimeikumbuka mimi kwa wiki sita.

Nikawaita wafanyakazi mmoja mmoja, nikawauliza swali moja: "Unafanya nini hapa?"

Astère alisema anaendesha mashine. Hapo hapakuwa na tatizo: alama kumi na sita, daraja la kwanza.

Yonatani alisema: "Niko naangalia kinga." Wale mliotoka Uvira, na ninyi ndugu zetu Warundi, mnacheka tayari, kwa sababu kwenu kinga ni baiskeli. Mimi nami nilijua. Nilikuwa nimepita katikati ya baiskeli arobaini ili kuingia ofisini. Lakini nilikuwa nimeshika kalamu, na nikishika kalamu sisikii Kiswahili cha Rubondo, ninasikia cha Kigoma. Katika Kiswahili sanifu, kinga ni kitu kinachozuia madhara. Nikaandika: "Anasimamia kinga." Ujuzi, nne. Wajibu, tano. Yonatani akatoka ofisini mwangu akiwa Msimamizi wa Kinga, daraja la pili. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakunisahihisha. Akasema: "Mwalimu, weye unatusahihisha tangu tukiwa batoto. Nilifikiri ni miye nimekosea kazi yangu."

Kisha akaingia Mama Mukarukundo, mwenye miaka tisa katika kinu hiki. Nikamwuliza kama wengine. Akajibu: "Niko nachunga bunga, Mwalimu."

Nilifanya mambo mawili. Kwanza nilimsahihisha: "Unga, Mama, si bunga." Pili niliandika: "Anachunga unga." Na kwa kuwa Kiswahili sanifu kinafahamu vizuri kwamba kuchunga unga ni kuupitisha katika chekeche ili pumba zibaki juu, nikampa alama za mwenye kuchekecha. Ujuzi, moja. Wajibu, moja. Nguvu, mbili. Hali ya mahali, mbili, kwa ajili ya vumbi. Jumla, sita, daraja la sita, ambalo ni la mwisho, chini ya Yonatani na chini ya mfagiaji. Na kwa kuwa ninapenda kazi iliyokamilika, nikaongeza ukurasa wa pili, nao unasema: "Mfanyakazi wa daraja la sita hatashika funguo za ghala."

Ripoti ikafika mbele ya Bodi. Mwenyekiti wetu, ambaye alikulia nyuma ya ng'ombe katika milima ya Minembwe, alipofika kwenye maneno "anachunga unga" aliinua kichwa. Yeye alilisoma neno lile kama mfugaji. "Mwalimu," aliniuliza, "huu unga unalishiwa wapi?" Wajumbe wakacheka. Mimi sikucheka, nilimweleza tofauti ya vitenzi viwili vinavyotamkwa sawasawa, akaridhika, akatia saini. Kwa hiyo pale mezani mtu mmoja alidhani mama huyu anauchekecha unga, mwingine alidhani anaupeleka malishoni, na hapana hata mmoja aliyejiuliza ni nani anayelifungua ghala kila asubuhi.

Siku orodha ilipobandikwa, Mama Mukarukundo alivaa miwani, akasoma kurasa zote mbili, akavua miwani. Hakulalamika. Aliweka funguo kumi na nne juu ya meza ya Mwenyekiti, akaniambia, "Aksanti, Mwalimu," akaenda nyumbani kwake akarudi na chekeche. Tangu siku hiyo anafika saa moja kamili, anaketi kwenye kigoda, na anachekecha mpaka saa kumi. Na ukweli usemwe: katika makazi yote ya Nakivale haujapata kuonekana unga uliochekechwa namna ile. Wanawake walitoka Juru kuja kuugusa.

Mengine yote yalisimama. Tulikuwa hatujui kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyageuza magunia kila Jumanne. Hatukujua kwamba alikuwa akitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kusikia kama mahindi yameanza kupata joto. Tulidhani gunia la zamani hutangulia kutoka kabla ya jipya kwa sababu magunia yana adabu. Wiki ya pili upepo uling'oa bati moja la ghala na mvua ikaingia. Astère akamkimbilia: "Mama, mvua iko naingia mu depo!"

Naye, bila kuacha kutikisa chekeche: "Karatasi yangu haisemi mvua."

"Mama, bunga inalowa!"

"Ikishalowa, muniletee. Nitaichekecha."

Wiki ya tatu fukusi wakahamia kwenye mahindi na jamaa zao. Wiki ya nne mnunuzi mmoja wa hapa Mbarara alirudisha lori zima. Tulipomwuliza sababu, alisema hajapata kuona unga laini kama ule, wala kunusa ukungu kama ule.

Ndipo nikaenda kumwonya. Nilisimama mbele ya kigoda chake, nikamwambia: "Mama Mukarukundo, unaiharibu kazi kwa kususia."

"Nasusia wapi, Mwalimu? Ile kazi uliandika, siyo hii niko nafanya?"

"Niliyoandika ni maneno yako mwenyewe. Ulisema unachunga unga."

"Nilisema vile."

"Basi?"

Aliweka chekeche chini, akajikung'uta unga mikononi, akanitazama kama ninavyowatazama watahiniwa. "Mwalimu, ule mwaka muke wako alilazwa Mbarara, batoto benu nani alibachunga?"

"Wewe, Mama."

"Nilibachekecha?"

Mabibi na mabwana, huo ndio mtihani nilioanguka. Huko kwetu Kivu ya Kusini, kuchunga, hata kama ni unga, ni kutunza, ni kulinda, ni kukiweka kitu ili mwenyewe akikute kizima. Mama huyu alikuwa ameniambia, kwa maneno matatu tu, kwamba ghala lote liko mikononi mwake. Nami nilikuwa nimemsahihisha neno moja na kumpotoshea mawili yaliyobaki.

Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi, kama mshitakiwa anayemwita shahidi. Kamusi ilinitetea kikamilifu. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi: nilikuwa sahihi, na mahindi yalikuwa yanaoza. Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani. Mwisho wa ibada mchungaji akainua mikono, akasema kama anavyosema kila Jumapili: "Mungu awachunge." Nikaitikia Amina, na hapo nikakumbuka chekeche. Tangu utoto wangu nimepokea baraka hiyo, na sikudhani hata siku moja kwamba Mungu anakusudia kunichekecha. Anayetaka kuwapepeta watu kama ngano Maandiko yanamtaja, naye si Mungu. Nanyi wachungaji mlio hapa, siku mlipowekewa mikono, kuna aliyekabidhiwa chekeche?

Basi nilifanya jambo ambalo Nathalie alinishauri mwezi wa tatu. Nilikwenda kwa Mama Mukarukundo na daftari, nikamwomba anieleze siku yake ya kazi tangu ufunguo wa kwanza mpaka wa mwisho. Alikubali kwa sharti moja: "Usinisahihishe." Alisema kwa saa tatu. Alisema "bunga" mara thelathini na saba. Niliuma kalamu, nikajaza kurasa tisa. Kisha Nathalie nami tukapima upya, tukimwuliza yeye mwenyewe kila tulipokwama. Ujuzi, nne. Wajibu, tano. Nguvu, tatu. Hali ya mahali, nne. Jumla, kumi na sita: daraja la kwanza, sawa na Astère. Tulipomwambia Astère, tulitarajia ugomvi. Alifuta mikono kwa kitambaa, akasema: "Miye nilikuwa najua. Balikuwa habajaniuliza."

Na Yonatani je? Kazi ya kutunza baiskeli ni kazi ya heshima, lakini haifiki daraja la pili. Daraja lake litashuka. Hata hivyo Nathalie ametufundisha kwamba mtu asiadhibiwe kwa kosa la mpimaji: mshahara wake hautapunguzwa, utasimama pale ulipo mpaka daraja lake liufikie. Yonatani ameuliza kama na wenyewe utapewa kiti.

Lakini mpaka sasa ninavyosema, yeye bado ni Msimamizi wa Kinga, na hapo ndipo tunapofika kwenye mlango huu. Leo asubuhi wapishi waliingiza chakula ghalani, mlango ukiwa wazi. Yonatani akapita, akaona mbuzi wawili waliochomwa hawana kinga yoyote, akakumbuka cheo chake, akalibana kufuli. Kufuli lenyewe si jipya; tulilitoa kwenye ghala la zamani la Rubondo, na linabanwa bila ufunguo lakini halifunguki bila ujuzi. Nilipomwuliza alifanya nini, alinijibu: "Nilikinga, Mwalimu." Sikuweza kumkaripia. Alikuwa amekitumia kitenzi kwa usahihi kamili.

Tumecheka vya kutosha. Sasa niseme lililo zito. Mwenye kinu mmoja wa barabara hii ya Masaka amemwandikia Mama Mukarukundo barua. Anamtaka awe mtunza ghala wake kuanzia tarehe mosi, na zimebaki siku kumi na moja. Mama ameandika jibu la kukubali, na kwa kuwa ni mtu wa taratibu, aliniletea mimi nimtazamie lugha kabla ya kulipeleka. Jibu hilo limo mfukoni mwangu tangu Jumatatu. Limeandikwa vizuri. Ninakiri mbele yenu kwamba kwa siku nne nimekuwa nikitafuta kosa, na sijalipata, na kesho sitakuwa na sababu ya kuendelea kulishika.

Ninawajua wajumbe wa Bodi wasemao kwamba tukimpandisha mmoja, wote watadai kupandishwa. Ndugu zangu, hatumpandishi. Alikuwa juu, mimi ndiye niliyemshusha kwa kalamu. Wengine husema alijieleza vibaya mwenyewe. Je, kati ya aliyejieleza kwa lugha ya mama yake na aliyekataa kuisikia lugha ya mama yake mwenyewe, ni nani aliyekosa alama? Mnipe mimi kipimo hicho cha ujuzi, mniandikie moja, na hiyo moja iwe kwa sababu ya mwandiko.

Astère, huo ni ufunguo wa ngapi? Wa kumi na nne. Nao umekataa? Mnamsikia Mama Mukarukundo anavyosema pale? Amesema: "Siyo lufungulo, ni mukono." Kufuli lile huvutwa kushoto kwanza ndipo lizungushwe, na kiasi cha kulivuta anakijua yeye peke yake. Haya, mabibi na mabwana, hiyo ndiyo alama nne ya ujuzi, nanyi mmekaa juani saa moja na nusu mkiisubiri. Astère, rudisha nyundo kwenye lori.

Kulingana na ratiba niliyoiandika mimi, Bodi italijadili suala la daraja hili baada ya chakula. Ndugu Mwenyekiti, ninauliza kwa heshima zote: baada ya chakula kipi? Mheshimiwa Diwani ananong'ona, naye ameniruhusu niyapaaze maneno yake: "Mzee, mupatie huyo mama cheo yake, sisi tukule." Wajumbe ni watano, wote wapo, na kivuli cha lori kinawatosha. Ninaona Papa Nkusi ameinuka. Ninawaona wawili wamemfuata. Wa nne anatafuta viatu vyake.

Nawashukuru ninyi nyote mliovumilia jua, njaa na mwalimu mzee kwa pamoja. Ni mizigo mitatu, na sina hakika ni upi ungepata alama nyingi zaidi. Bodi ikifikia uamuzi, wowote utakaokuwa, nitawaandikia siku hiyohiyo, na barua itabandikwa kwenye ukuta uleule wa Rubondo. Safari hii sitaibandika kabla Mama Mukarukundo hajavaa miwani yake na kuisoma. Na penye jina la kazi yake nitaandika neno alilonipa mwezi wa tatu, herufi kwa herufi, pamoja na ile "b".

Asanteni kwa masikio yenu. Mungu awachunge nyote. Na kwa maana yake Mama Mukarukundo, si kwa maana ya kamusi yangu.